Kanuni Saba za Mkusanya Kadi

Yafuatayo ni mazungumzo ya kila wiki yaliyosikika redioni Jumapili iliyopita.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kujiwekea kanuni. Sisemi juu ya sheria za serikali wala amri za dini, maana hizo zina wenyewe wa kuzisimamia. Nasema juu ya zile kanuni ambazo mtu mzima anajiandikia mwenyewe katika daftari lake, kuhusu jambo ambalo hakuna anayemlazimisha kulifanya na hakuna atakayemkamata akiikiuka kanuni. Mfano wangu utakuwa mgeni kidogo kwa wengi wenu. Nitazungumzia kadi za zamani za mchezo wa besiboli, na hasa zile ziitwazo kadi za chipukizi.

Kama mnavyofahamu, nimeishi miaka mingi Baltimore, Marekani. Mtu akiishi ugenini muda mrefu hujikuta anapenda vitu ambavyo kwao hakuna. Besiboli ni ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, kisha kukimbia kuzunguka uwanja. Kadi yake ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wake kama karata ya kuchezea. Mbele ina picha ya mchezaji, nyuma ina jina lake, mahali alipozaliwa na hesabu za michezo aliyocheza. Basi, ni hivyo tu. Haililiwi, haivaliwi, wala haizuii mvua.

Mwanzoni kadi hizi zilitiwa ndani ya pakiti za sigara. Kampuni ya American Tobacco ilitoa seti maarufu kati ya mwaka 1909 na 1911. Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ilikuwa imehamia kwenye ubani wa kutafuna: Bowman ya Philadelphia, Leaf ya Chicago na Topps ya Brooklyn. Hao Topps ndio walioanza kuuza Bazooka mwaka 1947, na wale waliokulia Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa bazoka ni nini. Mtoto wa Kimarekani alinunua ubani kwa senti chache, akapata kadi ndani yake. Kadi akaibana kwenye spoku za baiskeli ili ilie kama pikipiki. Alipokwenda jeshini au chuoni, mama yake akafagia chumba na kuzitupa zote.

Wenye kampuni nao hawakuziona kuwa mali. Mwaka 1960 Topps walikuwa na shehena ya kadi za mwaka 1952 zilizokosa wanunuzi. Ofisa wao Sy Berger, aliyeibuni seti hiyo, alisimulia kwamba walizipakia kwenye chombo, wakazimwaga katika bahari ya Atlantiki. Miongoni mwa zilizomwagwa zilikuwamo kadi za Mickey Mantle. Agosti mwaka 2022, kadi moja ya Mantle ya mwaka huo huo wa 1952, iliyohifadhiwa vizuri, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Ndugu yangu, hesabu mwenyewe ni shilingi ngapi.

Sasa, soko lenye bei za namna hiyo ni soko la hatari kwa mtu wa mshahara. Si kwamba mimi nitanunua Mantle. Hatari iko chini zaidi, kwenye kadi za dola 40, za dola 90, za dola 300, ambazo mtu anaweza kuzifikia akinyoosha mkono kidogo tu kupita urefu wake. Nimewaona watu wazima wenye familia wakinyoosha hivyo kila Jumamosi kwenye kumbi za maonyesho, mpaka mkono ukawauma. Ndiyo sababu kabla ya kununua kadi ya kwanza nilikaa mezani nikaandika kanuni saba. Nitazisoma mojamoja na kueleza sababu zake.

Kanuni ya kwanza: nitakusanya jambo moja tu, na jambo hilo liwe na mwisho. Kadi za besiboli zilizowahi kuchapwa hazina idadi, na mtu asiyejua anatafuta nini hununua kila kitu. Mimi nilichagua hivi. Mpaka mwaka 1947 ligi kuu za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi kwa zaidi ya miaka 60. Walikuwa na ligi zao wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo Larry Doby akaingia na Cleveland. Ligi kuu wakati huo zilikuwa na timu 16, na kila moja ina mchezaji wake mweusi wa kwanza. Mimi natafuta kadi za chipukizi za watu hao, basi.

Orodha hiyo inafundisha historia kuliko vitabu vingi. Hank Thompson anajaza nafasi mbili peke yake, maana aliingia na St. Louis Browns mwaka 1947, kisha na New York Giants mwaka 1949 pamoja na Monte Irvin. Hao Browns walihamia Baltimore mwaka 1954 na ndio Orioles wa mji ninaokaa. New York Yankees, timu tajiri kupita zote, walingoja mpaka mwaka 1955 kumwingiza Elston Howard. Wa mwisho kabisa walikuwa Boston Red Sox, waliomwingiza Pumpsie Green tarehe 21 Julai 1959. Ghana ilikuwa imekwisha kutimiza miaka miwili ya uhuru wake.

Kanuni ya pili: maana ya neno “chipukizi” niiandike kabla ya kwenda sokoni, si baada ya kufika. Kwa kawaida kadi ya chipukizi ni ile ya kwanza kumwonyesha mchezaji baada ya kuingia ligi kuu. Lakini wauzaji hulivuta neno hilo kama mpira wa manati. Ile kadi ya Mantle ya dola milioni 12.6 si ya chipukizi hata kidogo. Ya chipukizi ilitolewa na Bowman mwaka 1951. Kadi ya Robinson ya Leaf imeandikwa mwaka 1948, lakini wajuzi wengi wanaona ilitoka mwaka 1949, na kabla ya hapo kampuni moja ya mikate ilikuwa imetoa picha zake mwaka 1947. Ipi ni ya kwanza? Mimi niliandika hivi: ya kwanza katika seti kubwa ya kadi zilizouzwa kwa watoto madukani. Mwingine anaweza kuandika vingine, na hatuna haja ya kugombana. Muhimu ni kwamba muuzaji asiwe ndiye anayenitafsiria.

Na neno lenyewe “chipukizi”, kwa watu hawa, lina uchungu wake. Sam Jethroe wa Boston Braves alipewa tuzo ya chipukizi bora mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 33. Satchel Paige, mrushaji hodari, aliingia Cleveland mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Kadi yake ya chipukizi ni ya mtu ambaye katika mchezo huo angekuwa amekwisha kustaafu. Na wako waliokosa hata hicho. Josh Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza rasmi hesabu za ligi za weusi katika vitabu vyake, na Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa kupiga mpira. Kampuni za ubani hazikumtolea kadi alipokuwa hai. Huyo hununui kwa fedha yoyote.

Kanuni ya tatu ni ya fedha. Kwanza kodi ya nyumba, chakula na bima. Pili karo za watoto. Tatu fedha za kutuma nyumbani. Zikisha hizo, dola 25 kila mwezi zinatiwa katika bahasha iliyoandikwa “kadi”. Fedha ikiwa haimo katika bahasha, haipo. Hakuna kukopa, hakuna kadi ya benki, hakuna kulipa kwa awamu. Mwezi ambao nyumbani kuna msiba au mgonjwa, bahasha inafunguliwa na inakwenda huko, wala hairudishiwi mwezi unaofuata.

Kanuni ya nne ni ya hali ya kadi. Nakubali kadi iliyochakaa; sikubali kadi iliyodanganywa. Mikunjo, pembe zilizolika, alama ya kalamu ya mtoto, hata tundu la pini, vyote hivyo navipokea, na vinashusha bei kuwa ya watu kama mimi. Lakini kadi iliyokatwa kingo ili ionekane mpya, hapana.

Kisa kikubwa cha ukataji huo kinahusu kadi ya Honus Wagner, katika ile seti ya sigara niliyoitaja. Kampuni iliacha kuichapa mapema, kwa hiyo ni adimu sana. Moja kati ya hizo ilikuwa safi mno. Mwaka 1991 ilikuwa kadi ya kwanza kabisa kupewa alama na kampuni ya PSA, iliyoanzishwa kwa kazi hiyo ya kuzipima kadi na kuzifunga ndani ya kasha la plastiki. Ilipewa alama 8 kati ya 10. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Kisha mwaka 2013 Bill Mastro, muuza minada aliyekuwa akiimiliki miaka ya 1980, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kama kadi mashuhuri kupita zote ilipita hivyo, zetu za dola 40 nani atazichunguza?

Kwa hiyo nabeba rula. Kadi za Topps tangu mwaka 1957 zina upana wa inchi mbili na nusu na urefu wa inchi tatu na nusu. Ikipungua, naiweka chini. Nabeba pia kitaa kidogo cha namna ile wanayotumia benki kukagua noti. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya weupe inayong'aa buluu chini ya taa hiyo. Kadi inayodaiwa ni ya mwaka 1949 ikiwaka kama shati jipya, namshukuru mwenye nayo na kuendelea na safari.

Kanuni ya tano: siku saba. Nikiipenda kadi leo, nainunua Jumamosi ijayo. Muuzaji akiniambia “kaka, kesho haipo”, basi na isiwepo. Zilichapwa nyingi, na nyingine itatokea.

Kanuni ya sita: kadi si akiba. Hii naomba tuisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi walipoumia. Miaka ya 1980 habari zilienea Marekani kwamba kadi za zamani zina thamani. Watu wakaanza kununua kadi mpya kwa makasha, wakisema hizi ndizo karo za chuo za watoto wetu. Kampuni nazo zikaongezeka. Mahakama ilikuwa imevunja ukiritimba wa Topps mwaka 1980, Fleer na Donruss wakaingia mwaka uliofuata, na Upper Deck mwaka 1989. Zikachapwa kwa wingi usio na kiasi, na kila mtu akazihifadhi vizuri. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi kitakuwaje adimu? Agosti 1994 wachezaji wakagoma, fainali za mwaka huo zikafutwa, na hamu ya watu ikapoa. Mzee mmoja jirani yangu bado ana makasha yale ghalani kwake, hayajafunguliwa. Alinionyesha. Watoto wake walisoma kwa mikopo.

Ile ya mwaka 1952 ilipanda bei kwa sababu ilitupwa. Ya mwaka 1990 ilishuka kwa sababu ilitunzwa. Mtu anayeweza kujua mapema ni ipi itakwenda wapi si mimi, na bahati mbaya si yule anayeniuzia pia. Kwa hiyo kila kadi ninayonunua naihesabu kama fedha iliyokwisha kutumika, kama tiketi ya mpira. Ikija kuuzwa kwa faida baada yangu, hiyo ni riziki ya warithi.

Na hapa ndipo kanuni ya saba inapoingia: kila kadi iandikwe katika daftari, siku iliponunuliwa, bei yake na kwa nani, na mke wangu aweke sahihi pembeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wako wakusanyaji hapa waliofariki na wajane wao hawajui kama kisanduku kile ni takataka au ni nyumba. Wako pia wake waliogundua bei za kadi siku ya mazishi, na hilo ni jambo la aibu kwa marehemu.

Sasa mtasema, kanuni ni rahisi kuandika. Ni kweli. Mwezi uliopita zilijaribiwa.

Katika albamu yangu kuna kadi tisa. Doby yumo, Jethroe yumo, Howard yumo, na kadi yake ya Bowman ya mwaka 1955 imechorwa kama televisheni, yeye akitazama nje kutoka ndani ya kioo. Green yumo, kwa bei isiyozidi chakula cha mchana. Lakini mfuko wa kwanza katika ukurasa wa kwanza ni mtupu. Huo ni wa Robinson. Kadi yake ya Leaf, hata ikiwa imechakaa, inauzwa kwa maelfu ya dola. Bahasha yangu ya dola 25 ingehitaji miaka mingi.

Basi muuzaji mmoja, mtu mzima tunayeheshimiana, akaniita pembeni. Alikuwa nayo. Ina mkunjo katikati na pembe zote nne zimekuwa duara, lakini kingo ni zake na taa haikuonyesha kitu. Rangi ya njano nyuma ya kichwa cha Robinson bado imewaka. Akaniambia: “Chukua, kaka. Nilipe kidogo kidogo mwaka mzima. Wewe nakufahamu.” Hakuwa tapeli. Bei yake ilikuwa ya haki, na alijua kwamba hiyo ndiyo kadi iliyonifanya nianze.

Nikamwomba siku saba. Siku hizo sikulala vizuri. Nilijitungia hoja kama wakili: kwamba kulipa kidogo kidogo bila riba si mkopo, kwamba orodha bila Robinson ni kama mkeka bila ukindu, kwamba kanuni nimeziandika mwenyewe, na aliyeandika anaweza kufuta. Siku ya nne nikamweleza mke wangu. Hakunikataza. Aliuliza tu: “Baba Neema, kanuni ya tatu inasemaje?” Nikamsomea. Kisha akanikumbusha kwamba mdogo wangu kule Morogoro bado anangoja bati za nyumba ya mama. Akaenda jikoni.

Jumamosi nilirudi kwa yule muuzaji nikamwambia hapana, nikamshukuru kwa kuniamini. Aliielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Wiki mbili baadaye kadi ikapata mtu mwingine. Sitawadanganya kwamba sikuumia. Kadi ile sitaiona tena, na inawezekana mfuko ule utabaki mtupu mpaka watoto wangu waurithi hivyo hivyo. Lakini mama ana bati.

Jambo nililojifunza ni hili. Ile hoja ya mwisho, kwamba aliyeandika anaweza kufuta, ni ya kweli, na ndiyo yenye sumu. Kanuni yako mwenyewe haina polisi. Kwa hiyo nimeongeza maneno mawili matatu chini ya zile saba: kanuni hubadilishwa mwezi wa Januari tu, nyumbani, mezani, pasipokuwa na muuzaji wala kadi mbele yangu. Nikiona Januari kwamba dola 25 ni ndogo na mambo ya nyumbani yamekwenda vizuri, nitaongeza. Kanuni inayobadilishwa mbele ya bidhaa haikuwa kanuni, ilikuwa bei ya kuanzia.

Kuna msikilizaji ataniuliza, kwa nini mtu mwenye ndugu wenye shida anunue makaratasi hata kwa dola moja? Swali ni la haki na sina jibu la kumnyamazisha. Naweza kusema tu kwamba binadamu hakuumbwa kulipa kodi na karo peke yake. Huyu ana kanga za miaka 30 sandukuni, yule ana redio za zamani, mwingine ana njiwa. Sijaona mtu aliyeharibiwa na kupenda njiwa. Nimeona walioharibiwa na kutojua ni njiwa wangapi wanatosha. Na siku hizi, ambapo kijana anaweza kuweka dau la mpira kwenye simu akiwa kitandani, na kununua nguo asiyoihitaji kabla ya kuamka, daftari lenye mistari saba limekuwa na kazi kuliko zamani.

Basi, msikilizaji, chukua karatasi wiki hii. Andika kitu unachokipenda kupita kiasi, kisha andika chini yake kinaishia wapi, fedha yake inatoka wapi, na nani mwingine nyumbani anajua. Ukishindwa kuujaza mstari wa tatu, anza na huo.

Panapo majaliwa tutakutana tena wiki ijayo. Kwa leo, nawaaga. Kwaherini.